Kutoka Mitaboni hadi Malindi: mawe ya mapambo hupata wapi rangi na mistari yake?

Siku hizi nyumba mpya ya Mwambao haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka iwekwe jiwe la pambo. Ukuta wa mbele huvishwa mawe bapa ya Mazeras au ya Galana, jikoni huwekwa itale jeusi linalong'aa kama kioo, na uani chini ya minazi humwagwa vijiwe vyeupe. Lakini muulize mwenye nyumba jiwe lake limetoka wapi na limepataje mistari ile. Mara nyingi atakutajia duka tu.

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo, na safari yetu inaanzia mbali kidogo na bahari: Mitaboni, kwenye vilima vya Kathiani, kaskazini mwa mji wa Machakos. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, miamba ya huko ni ya kale mno kuliko matumbawe tunayoyakanyaga hapa Pwani. Pili, maji ya huko huteremka kwetu. Mvua inayonyesha kwenye vilima vile huishia mto Athi. Athi ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki, ambao humwaga maji yake kaskazini mwa Malindi. Kwa hivyo jirani yetu wa bara hatuletei mawe kwa lori peke yake. Hutuletea kwa maji pia, miaka nenda miaka rudi.

Mwamba uliopikwa bila kuyeyuka

Milima ya Iveti na Mua, na vilima vinavyoizunguka Mitaboni, ni sehemu ya mkanda mrefu wa miamba ambao wanajiolojia huuita Mkanda wa Msumbiji. Mkanda huo unapita Kenya, Tanzania na Msumbiji, na vipande vyake hupatikana hata Madagaska. Ulipata umbo lake takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara mawili makubwa yaliposukumana na kugongana. Mahali palipogongana pakainuka milima mirefu, na miamba iliyokuwa juu ikadidimizwa kilomita nyingi chini ya ardhi.

Huko chini kuna joto la zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi na uzito usiosemeka. Jiwe halikuyeyuka likawa uji, ila lililainika kama unga wa maandazi uliokandwa vizuri. Madini yaliyokuwa yamechanganyika yakaanza kujitenga na kujipanga upya, meupe upande wake na meusi upande wake, yote yakilala kuelekea mbavu moja ya ule msukumo. Jiwe la namna hiyo huitwa naisi. Ile mistari myeupe na myeusi unayoiona kwenye jiwe la Machakos haikuchorwa na maji wala haikuwekwa tabaka juu ya tabaka. Ni alama ya kukandwa. Pale mistari inapojikunja kama nguo iliyofinyangwa, ujue jiwe lilikunjwa likiwa bado laini.

Mahali pengine joto lilizidi, sehemu ya jiwe ikayeyuka kweli, ikapenya kwenye nyufa na kupoa polepole. Jiwe linapopoa polepole, chembe zake hupata muda wa kukua. Ndipo hupatikana mishipa ya mawe yenye chembe kubwa zinazoonekana kwa macho: kwatsi nyeupe, felspa ya waridi, na ulanga unaobanduka karatasi kwa karatasi. Jiwe lililopoa haraka, kama lile la volkano, chembe zake huwa ndogo hata jiwe lote likaonekana la rangi moja. Basi ukishika jiwe mkononi, ukubwa wa chembe hukuambia lilipoa kwa haraka au kwa subira.

Asiyeweza kufika Ukambani aende maporomoko ya Lugard katika mbuga ya Tsavo Mashariki. Pale mto Galana umechonga naisi yenye mistari mpaka ikawa na mashimo na mifereji laini kama kazi ya fundi. Ni jamii moja na mawe ya Mitaboni.

Rangi inatoka wapi?

Watu wengi hudhani jiwe lina rangi moja iliyotapakaa, kama doti ya leso. Kumbe rangi ya jiwe ni jumla ya madini yaliyomo, na mara nyingi kiasi kidogo mno cha kitu kimoja hugeuza kila kitu.

Chuma ndicho mpaka rangi mkubwa. Kikikutana na hewa na maji hufanya kutu, na kutu hulipa jiwe wekundu, hudhurungi au umanjano. Ndiyo maana udongo wa Machakos ni mwekundu, na ndiyo maana jiwe la Mazeras lina mawimbi ya rangi ya asali na ya kahawia: maji yenye chuma yalipenya ndani yake yakaacha doa kila yalipokauka. Chuma hicho hicho, kikifungika ndani ya madini mengine bila kukutana na hewa, huleta weusi au ukijani.

Kwatsi yenyewe haina rangi, ni kama kioo. Ile nyeupe kama maziwa tunayoiweka kwenye vyungu vya maua ina vitone vidogo vya maji na hewa vilivyonaswa humo wakati jiwe linaganda, na vitone hivyo hutawanya mwanga.

Tusisahau Taita, kwa jirani zetu. Miamba ya mkanda ule ule imetoa ganeti ya kijani ambayo tangu 1974 inaitwa tsavoraiti, kwa heshima ya Tsavo. Ganeti nyekundu ya kawaida, unayoweza kuiona kama punje za komamanga ndani ya naisi, hupata rangi yake kwa chuma. Ile ya kijani huipata kwa chembe chache za vanadi. Punje zote mbili ni za ukoo mmoja, lakini moja huishia kwenye kokoto na nyingine kwenye pete ya arusi.

Mawe yetu ya Pwani ni ya ukoo mwingine

Jiwe la Mazeras na yale mawe bapa ya Galana hayakupikwa. Ni mchanga na tope vilivyolala chini ya maji, tabaka baada ya tabaka, vikabanwa na kugandishwa zamani za takriban miaka milioni 200. Kwa kuwa yalilala kwa tabaka, fundi huyapasua kwa tindo yakatoka bapa kama mkate wa kumimina uliokatwa. Tazama vizuri mawe ya barazani kwako. Baadhi yana vijimawimbi kama vile vya mchanga wa ufuoni maji yanapokupwa. Hivyo ni vijimawimbi vya kweli, vya maji yaliyokauka kabla hajazaliwa binadamu yeyote. Katika miamba hiyo ya Mazeras hupatikana hata magogo ya miti yaliyogeuka jiwe.

Halafu kuna tumbawe, jiwe lililojenga miji yetu. Mwamba wa tumbawe ulio kando ya bahari, ambao Ngome ya Yesu imesimama juu yake tangu miaka ya 1590, ulikuwa mwamba hai takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Kwa umri wa mawe, huo ni mtoto mchanga. Waashi wa zamani walijua kutofautisha: tumbawe gumu la nchi kavu kwa kuta, na tumbawe laini lililotolewa baharini kwa kuchonga nakshi kabla halijakauka. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, yenye maandishi ya mwaka 1107, ni kazi ya tumbawe. Leo matumbawe hai si ya kuvuna. Yanavunja mawimbi na kulea samaki, na katika hifadhi za bahari kama ile ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, kuyatoa ni marufuku.

Jiwe linapokuwa mchanga

Naisi ya Mitaboni ikiwa juani haikai milele. Jua la mchana huitanua, baridi ya usiku huinywesha, mizizi huingia nyufani, na mvua hufanya kazi ya kimya kimya. Felspa huoza ikawa udongo. Kwatsi haiozi, hubaki punje, na hizo punje ndizo mchanga. Ulanga nao hubanduka vipande vyepesi vinavyochukuliwa na maji mpaka mbali.

Sasa simama ufuoni Malindi au Mambrui wakati wa jua. Mchanga ule wa kahawia unaometameta si kama mchanga mweupe wa Diani au Watamu. Ule mweupe umetoka baharini, ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ule unaometameta umeletwa na Sabaki kutoka bara, na kimeta chake ni ulanga wa miamba kama hii tunayoizungumzia. Haba na haba hujaza kibaba, na Sabaki umejaza pwani nzima.

Hapa ndipo suala linapotuhusu. Mchanga wa mito ya Machakos umechotwa kwa malori kwa miaka mingi kwenda kujenga Nairobi, hata kaunti ikatunga sheria ya kudhibiti uvunaji wa mchanga mwaka 2014. Mto wa msimu ukiondolewa mchanga hupoteza ghala lake la maji, maana maji ya mvua hujificha humo mchangani na wenyeji huyachimba wakati wa kiangazi. Ukambani wamejenga mabwawa ya mchanga kwa ajili hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, mashamba ya vilimani yakikosa majani na miti, udongo mwekundu huteremka wote, Sabaki hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na tope hilo hutanda juu ya matumbawe ya Malindi na kuyanyima mwanga. Bara ikiumwa, bahari hupata homa.

Mkono ulio nyuma ya jiwe

Jiwe halitoki mlimani lenyewe. Kwenye matimbo mengi ya nchi hii watu huwasha moto juu ya mwamba hadi upasuke, kisha huuponda kwa nyundo, kokoto kwa kokoto. Wengine ni kina mama wenye watoto pembeni. Vumbi la naisi na la itale lina kwatsi ndani yake, na kwatsi iliyosagika ikivutwa miaka mingi hukwaruza mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kinga yake inajulikana: kulowesha jiwe kabla ya kulikata au kuliponda, na kuvaa barakoa inayofaa, si kitambaa cha kujifunga tu. Hata fundi anayekata itale kwa mashine uani mwako anastahili mfereji wa maji juu ya msumeno wake. Ukimwona amefunikwa na vumbi jeupe, msimamishe.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha kwa mafungu: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayochimbiwa. Jamii isiyojua jiwe lake ni la thamani gani haiwezi kuidai kumi yake. Ndiyo sababu elimu ya mawe si ya wasomi peke yao. Mtu wa Mitaboni, wa Mazeras na wa Kasigau anatakiwa kujua anauza nini, na mashimo yatafukiwa na nani lori la mwisho likishaondoka.

Ukienda kununua

Mambo machache yatakusaidia. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa ardhini, nayo haipatani na tindikali. Toneza ndimu mahali pasipoonekana. Jiwe likitoa povu au kupoteza mng'ao, hilo ni la jamii ya chokaa, na jikoni kwetu kwenye ndimu, ukwaju na bizari litachakaa upesi. Itale na naisi hustahimili. Vijiwe vyenye rangi kali mno, buluu au waridi iliyokoza yote sawasawa, visugue kwa kitambaa chenye spiriti. Rangi ikitoka, umeuziwa kokoto iliyotiwa dawa. Jiwe la kweli halifanani pote, na kasoro zake ndizo cheti chake. Na jiwe linalonyonya maji usilitie mahali panaporushiwa maji ya bahari, kwani chumvi ikikaukia ndani hulimenya ngozi.

Swali la mwisho la kumuuliza muuzaji ni lile tulilolianza nalo: limetoka wapi? Muuzaji anayejua timbo atakutajia timbo. Na mnunuzi akizoea kuuliza, hata yule mama wa nyundo kule mlimani atakuwa na jina la kuuzia mali yake, maana jiwe lenye kwao lina bei, na lisilo na kwao huuzwa kwa tani kama kokoto.