Ukisifiwa dume, uliza daftari

Katika mazungumzo yangu ya redioni wiki hii nimejibu swali la msikilizaji mmoja wa Ujiji. Ametumiwa kwenye simu picha ya fahali mweusi mwenye mabaka meupe, amenona, anang'aa. Chini ya picha pameandikwa kwamba huyo ni mbegu ya Ulaya, watoto wake wana maziwa mengi, na bei ya kupandisha ni nafuu. Msikilizaji ana mtamba mmoja tu. Anauliza: ampeleke?

Wako wengi mijini wenye swali hilo hilo, ama kwa ng'ombe aliye nyuma ya nyumba, ama kwa ng'ombe waliomwachia ndugu kijijini. Kabla ya kumjibu, hebu tuangalie tangazo la dume ni kitu gani hasa. Maana si jambo la jana. Walioligeuza kuwa kazi yenye kanuni zake walikuwa wafuga farasi, na hapa Afrika Mashariki waliolileta ni walowezi wa Kizungu wa Kenya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi hao walianza kuleta farasi katika nyanda za juu, kule Nakuru, Njoro na Nairobi. Lord Delamere alikuwa na shamba lake kubwa Njoro. Hapo hapo Njoro, Charles Clutterbuck alifuga na kufundisha farasi wa mashindano. Binti yake, Beryl Markham, alikulia katika mazizi hayo, akawa mwalimu wa farasi mwenye leseni, na baadaye, mwaka 1936, akaruka peke yake kwa ndege kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza. Mwenye farasi dume mzuri hakukaa naye kimya. Alimtangaza, ili wenye majike wayalete na kulipa ada.

Tangazo la namna hiyo lilifuata desturi ya Uingereza. Kwanza lilitaja jina la dume, rangi yake na kimo chake. Pili lilitaja baba yake na mama yake, na mara nyingi baba wa huyo mama. Tatu lilieleza ameshinda mbio zipi, na kama ana watoto wakubwa, wao wameshinda nini. Nne lilitaja ada, na siku ya kuilipa. Tano lilisema dume anapatikana wapi, jike lililoletwa litalishwa kwa kiasi gani kwa wiki, na saisi anayemtunza atapewa nini.

Tazama lile la nne, kwa sababu ndilo kiini cha habari yote. Farasi jike hubeba mimba kwa miezi 11. Kisha mtoto hukua miaka miwili au mitatu kabla hajajulikana kama ana mbio. Kwa hiyo anayelipa leo ananunua kitu atakachokiona baada ya miaka mingi. Ndiyo maana masharti ya malipo yalitofautiana. Wako waliotaka fedha siku ile ile ya kupandisha. Wako waliosema: lipa jike likishika mimba. Na wako waliosema: lipa mtoto akizaliwa hai na kusimama kwa miguu yake, hakuna mtoto, hakuna malipo. Hapo msomaji mwerevu alijua mwenye dume anaamini maneno yake kwa kiasi gani. Anayekubali kungoja mtoto asimame amebeba sehemu ya hasara pamoja na mteja wake.

Na lile la pili, ukoo, halikuwa la kujipamba. Huko Uingereza, mwaka 1791, ukoo wa Weatherby ulianza kuchapisha kitabu cha nasaba za farasi wa mbio. Mtu hakuweza tena kusema ovyo kwamba farasi wake ni mwana wa fulani, kitabu kingemsuta. Farasi wote wa mbio wa uzao huo, wawe Nairobi au Marekani, kwa upande wa baba wanarudi kwa madume watatu tu waliotoka nchi za mashariki, na mmoja wao alinunuliwa Aleppo, huko Syria, mwaka 1704.

Lakini wajanja hawakukosekana. Kule Uingereza madume wa kazi za shamba walitembezwa kijiji hadi kijiji, kila kijiji na siku yake, na karatasi za matangazo zilitangulia mbele. Dume mbovu naye alikuwa na karatasi nzuri. Ndipo mwaka 1918 ikatungwa sheria kwamba dume wa kutembezwa lazima awe na leseni baada ya kukaguliwa. Walioishi na matangazo hayo muda mrefu waliona kuwa sifa peke yake hazitoshi.

Sasa, kwa nini huku kwetu mwambao wa Tanganyika hatukuona matangazo ya farasi? Jibu ni mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wanaoupata. Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu tangu waanze safari. Yeye alifika Ujiji mwaka huo huo wa 1871, farasi wake hawakufika. Mizigo ya njia hiyo ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mpaka reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Farasi walidumu kule juu kwenye baridi, na hata huko walifungiwa mazizini kabla ya jua kutua.

Mifugo ya mkoa wetu ilikuwa ng'ombe, wale wenye pembe ndefu wa nyanda za juu za Buha, kule Kasulu na Kibondo, ambako mbung'o hakutawala kila mahali. Waha walikuwa na mkataba wao, ubugabire. Mtu alipewa ng'ombe na mwenye mifugo, naye akafungwa kwa utumishi na utii. Silisifu jambo hilo. Lilimfanya mtu kuwa chini ya mwingine. Ila jambo moja lilikuwamo: aliyetoa na aliyepokea walijuana, na ng'ombe alijulikana alikotoka. Tangazo la leo, la picha kwenye simu, limeondoa kujuana huko bila kuleta kitabu badala yake.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kulipita ukizungumzia mifugo ya walowezi. Wakati farasi wa mlowezi akitajwa gazetini kwa jina lake na la babu yake, ng'ombe wa Mwafrika alihesabiwa kwa kichwa tu, tena akaambiwa ni wengi mno. Mwaka 1938 serikali ya Kenya iliwauzia Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu walitembea kwa miguu hadi Nairobi kulalamika. Uuzaji wa lazima ukaachwa, lakini Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu. Hapa kwetu, mwaka 1951, Wameru waliondolewa Engare Nanyuki ili walowezi wapate mahali pa kufugia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Maana yangu ni hii: elimu ya mbegu bora haikuwa mbaya, ila waliizungushia uzio.

Uzio huo umekwisha. Katika nchi hiyo hiyo ya Wameru, pale Usa River, ndipo kilipo kituo chetu cha taifa cha uhimilishaji. Madume hufugwa pale, mbegu zao hukamuliwa, hutiwa katika mirija myembamba na kugandishwa katika hewa ya naitrojeni iliyofanywa kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila mrija huandikwa ni wa dume yupi na wa uzao gani. Maandishi hayo madogo ni yale yale ya tangazo la farasi, na mfugaji wa Mwanga au Gungu ana haki ya kuyasoma kabla mtaalamu hajaanza kazi, na kuyanakili.

Lakini wengi bado watatumia dume wa jirani, na si dhambi. Basi wamuulize mwenye dume maswali matano.

Mama wa dume huyu alikuwa anatoa lita ngapi kwa siku, na nani aliandika? Fahali hatoi maziwa. Maziwa yake yako kwa mama yake, kwa dada zake na kwa binti zake. Unene wake ni habari ya majani aliyokula.

Baba yake ni nani? Rangi nyeusi na nyeupe si cheti. Mahuluti naye huwa na mabaka, na watoto wake hutofautiana sana.

Amekaa hapa tangu lini? Dume akizidi miaka miwili au mitatu katika mtaa mmoja, anaanza kukutana na binti zake mwenyewe. Uzao hudhoofika, na mwenye ng'ombe hudhani amerogwa.

Amepimwa afya? Dume wa kuzungushwa huchukua magonjwa ya uzazi kutoka kwa jike hadi jike. Usishangae ng'ombe wa mtaa mzima wakirudia joto kila mwezi au wakatupa mimba.

Watoto wake huzaliwa na ukubwa gani? Mtamba mdogo wa kienyeji akipandwa na dume mkubwa mno, ndama anaweza kukwama, ukapoteza wote wawili.

Sasa namjibu msikilizaji wangu. Mtamba wako akipandishwa leo, ndama atazaliwa baada ya miezi tisa. Akiwa jike, itapita miaka miwili na nusu, au mitatu, kabla hajazaa na kukamuliwa. Utajua ukweli wa lile tangazo baada ya karibu miaka minne, na huenda wakati huo mwenye dume ameshamuuza kwa wachinjaji na namba ya simu haipatikani. Kwa mwenye ng'ombe mia, hilo ni kosa dogo. Kwako wewe mwenye mmoja ni ada ya shule ya mtoto. Kwa hiyo usimpeleke kwa picha. Nenda ukamwone dume, umwone na binti yake anayekamuliwa, kisha uombe kulipa nusu sasa na nusu mimba ikithibitishwa. Akikataa yote matatu, umepata jibu bila gharama.

Na ninyi wenye madume mazuri, msidhani nawaharibia biashara. Nunueni daftari moja la shule. Andikeni kila jike lililokuja, la nani, tarehe gani, na lilizaa nini. Baada ya miaka mitano daftari hilo litawatangazia kuliko picha yoyote, na ada mtaipandisha bila mtu kunung'unika.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.