Kipanya cha Kompyuta Kikikataa Kuchaji: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Kingine

Huduma nyingi ambazo zamani zilihitaji kupanga foleni sasa hupatikana mtandaoni. Mkazi wa Machakos huomba stakabadhi kupitia eCitizen, huwasilisha taarifa yake ya ushuru kwenye iTax kabla ya Juni 30 kila mwaka, na mwanafunzi huomba mkopo wa HELB akiwa nyumbani au saiba. Kazi hizo hukwama kipanya kisichotumia waya kinapozima na kukataa kuchaji. Wengi hukimbilia dukani, ilhali huenda tatizo likawa ni waya, vumbi au mahali pa kuchajia.

Je, ni chaji kweli?

Mshale kutosonga hakumaanishi kwamba chaji imeisha. Mtumiaji akigeuze kipanya aone kama swichi iliyo chini imewashwa, kisha achomoe na kuchomeka tena kile kipokezi kidogo kilicho kwenye kompyuta. Vipo pia vipanya vinavyotumia betri za kubadilisha. Hivyo havina tundu la kuchajia, na betri ambayo haijaandikwa kuwa ya kuchajiwa haifai kutiwa kwenye chaja kamwe.

Waya na chanzo cha umeme

Waya ndio wa kushukiwa kwanza, kwa kuwa hupindwa na kuvutwa kila siku. Njia rahisi ya kuupima ni kuchaji simu kwa waya huohuo. Simu isipopokea chaji, huenda kipanya hakina kosa. Baadhi ya vipanya vya bei nafuu pia hukataa waya wenye vichwa vya USB-C pande zote mbili, lakini huchaji vizuri kwa waya wenye kichwa kipana cha USB upande mmoja.

Kompyuta ikizimwa, huenda matundu yake ya USB yasitoe umeme. Mtumiaji ajaribu tundu jingine au chaja ya kawaida ya simu ya volti 5. Anayetegemea pawabanki stima inapopotea ajue kwamba kipanya huvuta umeme kidogo sana. Baadhi ya pawabanki huchukulia kuwa hakuna kilichochomekwa, zikajizima baada ya muda mfupi.

Vumbi kwenye tundu

Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali, na tundu la kuchajia haliachwi. Kichwa cha waya kikilegea au kikikosa kuingia hadi mwisho, kuna uwezekano kwamba uchafu umejazana ndani. Kipanya kizimwe na kichomolewe, kisha tundu limulikwe kwa tochi ya simu. Uchafu uondolewe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao au brashi laini iliyo kavu. Sindano na pini zisitumike, kwa sababu chuma huweza kuharibu sehemu za ndani au kuleta shoti. Kupuliza kwa mdomo nako huingiza unyevu.

Betri iliyolala au iliyochoka

Kipanya kilichokaa miezi kadhaa bila kutumiwa kinaweza kukosa kuwasha taa mara moja. Kiachwe kwenye chaji kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, mtu akiwa karibu, kabla ya kuamua kwamba kimeharibika. Betri za lithiamu huchakaa pia: nyingi hupungua nguvu baada ya kujazwa mara 300 hadi 500. Joto huzichosha haraka zaidi, kwa hivyo kipanya kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Wakati wa kuacha kujaribu

Kipanya kikivimba, kifuniko kikiinuka, kikitoa harufu isiyo ya kawaida au kikipata joto jingi, kichomolewe mara moja na kisichajiwe tena. Kiwekwe mbali na karatasi, mapazia na watoto. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubonyezwa, kwani inaweza kushika moto. Kazi ya kuifungua ni ya fundi anayeifahamu.

Kipanya kilichonunuliwa juzi kirudishwe dukani pamoja na risiti na kadi ya waranti. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Mtu akikifungua mwenyewe, huenda akapoteza waranti hiyo.

Kisichotengenezeka kitupwe wapi?

Betri kuukuu haifai kuchomwa pamoja na takataka za nyumbani wala kutupwa kwenye shimo la shamba. Ikichomwa inaweza kulipuka na kutoa moshi wenye sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mkazi kutenganisha taka zake, na betri zafaa kuwekwa kando kabisa na nyingine. Kituo cha WEEE jijini Nairobi hupokea vifaa vya kielektroniki vilivyoharibika. Familia, shule au saiba kadhaa zinaweza kukusanya vyao na kuvipeleka kwa safari moja.

Kabla ya kutumia pesa, basi, mtumiaji akague kwa mpangilio huu: swichi, waya, chanzo cha umeme, tundu, kisha betri. Ukaguzi huu hauhitaji kifaa maalum, na waya mpya ni nafuu kuliko kipanya kipya.