Fundi Asiye na Mwanafunzi

Zamani katika Katanga walikuwako mafundi wa shaba. Wakati wa kiangazi walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto wa makaa hata shaba ikayeyuka. Vipande vyake vyenye mfano wa msalaba vilionekana mwaka 1957 katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale.

Mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba, na matanuru ya vijijini yakazimika. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika habari za kazi ile. Lakini kitabu hutunza maneno tu. Ustadi wa mikono hurithiwa kwa mikono.

Basi, enyi wazee mnaojua kufinyanga vyungu na kusuka vikapu, msingoje mshahara. Ninyi wenyewe hamkuwalipa waliowafundisha. Jumamosi iteni watoto watatu au wanne, muwape udongo na ukindu. Nanyi wanafunzi, msione haya: Bwana wetu mwenyewe alijifunza useremala nyumbani mwa Yosefu.