Dhahabu ya akiba: mnunuzi mdogo anabaki na nini?

Shilingi ikiyumba, masonara wa Dar es Salaam hupata wateja wasio na harusi mbele yao. Huja mwenye duka la vitenge au mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, akitaka pesa yake ikae kwenye kitu kisichoyeyuka thamani. Wana sababu. Mwishoni mwa 2023 wakia moja, yaani gramu 31.1, iliuzwa karibu dola 2,000 katika soko la dunia. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Shilingi nayo ilidhoofika: katikati ya 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600.

Lakini bei ya dunia si bei ya kaunta. Sonara mmoja wa Kariakoo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, analalamika kwamba wateja humwita mwizi siku wanaporudi kuuza. Anachukua mkufu wa gramu 10 wenye muhuri wa 750, anauweka kwenye mizani. Ni karati 18, kwa hiyo dhahabu halisi ndani yake ni gramu 7.5 tu. Aliyeununua alilipia pia ufundi, faida ya duka na kodi. Anapourudisha analipwa dhahabu peke yake, tena baada ya kukatwa kinachopotea kwenye kuyeyusha. Ufundi haurudi. Ndiyo maana, anasema, mwenye nia ya kuweka akiba amwachie bibi harusi nakshi na vito, achukue bangili ya karati 22 yenye ufundi mdogo.

Kinachomuuma zaidi ni njia ya kupata mali. Bila leseni haruhusiwi kununua dhahabu ghafi kwa mchimbaji, na anadai wenye mitaji mikubwa humaliza mzigo kabla haujamfikia fundi wa mjini. Anabaki kuyeyusha mapambo ya zamani na kuuza yaliyotoka Dubai. Sheria hiyo ya leseni inambana hata mwananchi wa kawaida: anayeuziwa punje za dhahabu mtaani kwa bei ya chini anaweza kupoteza pesa na kuingia matatani kwa pamoja.

Afisa mmoja anayeifahamu sekta ya madini anaona mambo yanakwenda vizuri. Anataja masoko ya madini yaliyoanza 2019, na sharti la kutenga asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya soko la ndani, ambalo benki kuu ni mnunuzi wake mkubwa. Akiba ya taifa ikikua, anasema, shilingi itapata nguvu. Huenda. Ila asilimia hizo 20 hazimfikii mstaafu mwenye shilingi milioni mbili mkononi. Anachohitaji ni kipande cha gramu chache chenye muhuri wa kuaminika na bei ya kurudishia inayojulikana tangu siku ya kununua, na hicho hakipatikani kirahisi.

Nani atanufaika, basi? Pengine anayeweza kukaa na dhahabu yake miaka mingi. Miaka michache huenda isitoshe. Septemba 2011 wakia ilifika karibu dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 1,050. Katika kipindi hicho shilingi nayo ilidhoofika sana, jambo lililopunguza hasara, na bado aliyenunua kileleni, akipiga hesabu kwa shilingi, alikuwa amepoteza takriban robo ya pesa yake.