Kila Mtu na Sababu Yake

Mwezi Mei 2022, huko Iran, alizaliwa duma mchanga akapewa jina la Pirouz. Duma wa kabila lake, duma wa Asia, wamebaki wachache mno. Mwanzoni mwa mwaka ule idara ya mazingira ya nchi hiyo ilisema kwamba porini wamesalia 12 tu. Ndugu zake wawili walikufa wakingali wachanga, akabaki peke yake akilelewa na binadamu, na nchi nzima ikampenda. Sasa tegeni masikio, wanangu, kwa sababu kabla mwaka haujaisha jina la mnyama huyu lilikuwa limeimbwa ndani ya wimbo uliomtia kijana mmoja mahabusu. Duma na polisi, wapi na wapi? Ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza nimtaje binti. Mahsa Amini, ambaye kwao walimwita Jina, alikuwa na umri wa miaka 22, Mkurdi wa mji wa Saqqez, magharibi mwa Iran. Septemba 2022 alikwenda kutembea Tehran, mji mkuu, akiwa na mdogo wake wa kiume. Tarehe 13 polisi wa maadili walimkamata wakidai hakuvaa hijabu inavyotakiwa. Tarehe 16 akafariki dunia hospitalini. Serikali ilisema ni maradhi. Wazazi wake walikataa maelezo hayo, na mwaka 2024 ujumbe wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihitimisha kwamba dola ya Iran ndiyo yenye dhamana ya ukatili uliosababisha kifo chake.

Hapo tuelewane vizuri. Wengi wenu mna mama, shangazi na bibi wanaojitanda kila siku, kwa imani yao na kwa heshima yao, na hakuna anayewasukuma. Wanawake wa Iran waliotoka barabarani hawakuwa wakiitukana nguo hiyo. Wapo walioandamana wakiwa wamejifunika kichwa. Walichokipinga ni mtu mwenye gari la polisi kukuamulia, na kukupeleka kituoni usipotii.

Maandamano yakaanzia kaburini kwa Mahsa na kuenea mji baada ya mji. Wakati huohuo watu wakaanza kuandika kwenye Twitter. Kila mmoja alianza sentensi yake kwa neno lilelile la Kiajemi, baraye, yaani kwa ajili ya, kisha akaongeza sababu yake ya kukasirika au ya kutamani nchi ibadilike. Hawakupanga. Mmoja aliandika, wa pili akafuata, mwisho wakawa umati.

Sasa anaingia Shervin Hajipour, mwanamuziki wa miaka 25 kutoka kaskazini mwa Iran, ambaye hakuwa na umaarufu wa kutisha. Alizisoma zile sentensi, akachagua kadhaa, akazipanga zipate vina na mwendo, akaziimba peke yake kwa sauti inayoanza chini kabisa kama ya mtu anayeogopa kuamsha waliolala, kisha inapanda polepole mpaka mwishoni anakaribia kulia. Kwenye video yake maandishi ya wale watu yanaonekana kadiri anavyoimba. Wimbo akauita Baraye. Aliuweka kwenye Instagram mwishoni mwa Septemba, na kwa muda usiozidi siku mbili ulikuwa umetazamwa mara zipatazo milioni 40.

Humo ndani mna nini? Ningependa mkae na swali hili, maana watu wengi wanafikiri wimbo wa kudai haki ni lazima umtaje rais, uwataje mawaziri, utoe vitisho. Huu haumtaji mtawala hata mmoja. Unataja hamu ya kucheza muziki mtaani. Unawataja dada, wako na wangu. Unataja hewa chafu ambayo watu wa Tehran wanaivuta, na miti iliyochoka ya mtaa wa Valiasr, barabara ndefu ambayo kila mkazi wa mji ule ana kumbukumbu nayo. Unamtaja mtoto anayechambua takataka ili apate kula, na si njaa yake tu, bali na ndoto zake. Mnaona tofauti? Njaa ya mtoto maskini huandikwa hata na magazeti. Kukumbuka kwamba naye anaota kuwa mtu fulani ni heshima ya namna nyingine.

Unawataja pia watoto wa Kiafghani. Wakati ule Iran ilikuwa na mamilioni ya watu waliokimbilia huko kutoka Afghanistan, na wengi wao walidharauliwa. Mtu mmoja, katikati ya hasira ya kudai haki yake, aliwakumbuka na wageni. Mimi nikisikiliza wimbo ule, hapo ndipo ninaposimama kila mara. Na Pirouz naye yumo, kwa sababu alikuwapo raia aliyeogopa duma wa aina yake wasije wakatoweka. Wimbo unafungwa kwa kauli waliyokuwa nayo waandamanaji wenyewe, inayomtaja mwanamke, uhai na uhuru.

Tarehe 29 Septemba Shervin alikamatwa, na wimbo ukaondolewa kwenye ukurasa wake. Aliachiwa kwa dhamana siku chache baadaye, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kutawanyika. Wasichana wa shule, wa rika lenu, walijirekodi darasani: wameipa kamera migongo ili sura zisijulikane, hijabu zimevuliwa, nywele zimeanguka mabegani, wanaimba Baraye kwa pamoja. Haukuwa mchezo. Ujumbe ule wa Umoja wa Mataifa ulitaja takwimu za hadi waandamanaji 551 waliouawa, wakiwamo watoto 68.

Februari 2023, mjini Los Angeles, Baraye ulipewa tuzo ya Grammy iliyoanzishwa kwa ajili ya wimbo unaoleta mabadiliko katika jamii, ukiwa wa kwanza kuipata. Mwenye wimbo hakuwapo ukumbini. Mwezi huohuo Pirouz akafa kwa ugonjwa wa figo, na Wairani wengi wakamlilia.

Machi 2024 mahakama ilimhukumu Shervin kifungo cha miaka 3 na miezi 8. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliamriwa pia kutunga wimbo kuhusu maovu ya Marekani, kana kwamba sauti ya mtu ni bomba unaloweza kuligeuzia upande wowote. Wenzake walipata makubwa zaidi. Mehdi Yarrahi, aliyeimba kuhusu hijabu ya lazima, alichapwa viboko 74 mwaka 2025. Toomaj Salehi, msanii wa rapu, alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikafutwa, na akatoka gerezani Desemba 2024.

Mwaka huohuo wa 2024 Shervin alitangaza kwamba amesamehewa. Nilifurahi kwamba kijana hatafungwa, na nanyi furahini. Lakini msije mkauita ule wema wa mahakama. Anayesamehewa ni mkosaji, na Shervin hakumkosea mtu: alisoma walichoandika wananchi wenzake, akakiimba.