Hoja Iliamuliwa na Kuafikiwa

Tarehe 15 Julai 2021 mawakala wa pesa za simu wa Tandika na Mwananyamala, Dar es Salaam, walianza kuwaeleza wateja jambo ambalo wao hawakulitunga: kutuma na kutoa pesa sasa kuna tozo ya Serikali, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni ya simu. Watu walipiga kelele, na kabla ya miezi miwili kwisha Serikali ilishusha viwango kwa asilimia 30. Lakini mwananchi aliyetaka kujua mbunge wake alisema nini siku sheria inapitishwa alibaki mikono mitupu, na hilo halikuwa kosa la mbunge peke yake. Ndivyo Bunge letu linavyofanya kazi.

Tozo iliingia kupitia Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka 2021. Muswada wa kawaida huamuliwa kwa sauti. Kiti kinawahoji wabunge: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zinapishana, kiti kinatangaza upande ulioshinda, na Taarifa Rasmi, yaani Hansard, inaandika ndani ya mabano: (Hoja ilitolewa iamuliwe). Mstari unaofuata: (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Basi, imetoka hiyo.

Ajabu ni kwamba Hansard hiyohiyo si mvivu hata kidogo. Inaandika makofi, inaandika kicheko, inaandika kengele ilipolia kumkatisha msemaji aliyekuwa bado anasalimia wapiga kura wake. Nani alisema ndiyo na nani alisema siyo, haiandiki. Kanuni zinawapa wabunge nafasi ya kutaka kura ihesabiwe pale wasiporidhika na uamuzi wa kiti, ila njia hiyo hutumika kwa nadra, na sababu yake inaeleweka: anayedai majina yaitwe anajitaja yeye kwanza.

Ipo kura moja ambayo majina huitwa kila mwaka, nayo ni ya bajeti kuu mwezi Juni. Katibu anamwita mbunge mmoja mmoja, naye anajibu mbele ya wote, na Hansard inaorodhesha. Kwa mkazi wa Keko au Hananasif hii ndiyo rekodi ya kura iliyo wazi kuliko zote. Tatizo ni kwamba ndiyo kura ambayo mbunge ana uhuru mdogo kuliko zote. Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Anayesema hapana anaweza kuwa anapigia kura kiti chake mwenyewe, pamoja na vya wenzake wote. Hapohapo Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge umekwisha. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walivuliwa uanachama katika mgogoro wa chama chao, wakapoteza viti. Mbunge yeyote aliyeona hilo alielewa kwamba kadi ya chama mfukoni ina nguvu kuliko sahihi za wapiga kura.

Majimbo mawili ya Dar es Salaam yanaonyesha matokeo yake vizuri. Mwaka 2015 Kinondoni ilimwangusha Idd Azan wa CCM na kumpeleka Dodoma Maulid Mtulia wa CUF. Temeke nayo ilimwacha Abbas Mtemvu wa CCM ikamchagua Abdallah Mtolea wa CUF. Wote wawili waliingia chini ya mwavuli wa UKAWA, kambi ya upinzani. Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu akahamia CCM, akasimamishwa tena, na tarehe 17 Februari 2018 akashinda uchaguzi mdogo wa jimbo lilelile. Novemba 2018 Mtolea naye akaondoka CUF kwenda CCM, na Desemba akarudi bungeni kwa kupita bila kupingwa, yaani Temeke haikupiga kura yoyote. Lugha ya msimu ule mnaikumbuka: kuunga mkono juhudi za Rais.

Sasa chukua Hansard za Juni 2017, Juni 2018 na Juni 2019, utafute majina hayo mawili kwenye orodha za kura ya bajeti. Ni jimbo lilelile, barabara zilezile, mafuriko yaleyale, na mbunge yuleyule. Orodha itakwambia kadi aliyokuwa nayo siku ile. Itakuwa kazi kuikuta ikikwambia zaidi ya hapo. Ndiyo maana siwashauri wasomaji wampime mbunge kwa kura ya bajeti. Kura hiyo inapima mnadhimu wa chama.

Mwaka 2016 wapinzani hata hawakuwamo ukumbini: walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Dk. Tulia Ackson, na bajeti ikapita bila wao. Kususia nako ni msimamo, lakini kwenye orodha kunasomeka sawa na mtu aliyekuwa kitandani na homa.

Basi mbunge apimwe kwa nini? Ukiniuliza mimi, anza na shilingi. Wakati wa kupitia mafungu ya kila wizara, mbunge asiporidhika na maelezo husimama na kushika shilingi ya mshahara wa Waziri. Anatoa hoja kwamba mshahara huo upunguzwe shilingi moja mpaka apate majibu. Wenzake husimama kumuunga mkono, Waziri hujieleza, kisha mbunge ama anarudisha shilingi ama hoja inaamuliwa, tena kwa sauti. Hapa majina yapo. Hansard inaonyesha nani alishika, kwa jambo gani, nani alisimama naye, na alirudisha baada ya kuahidiwa nini. Mwingine hurudisha haraka sana kiasi kwamba unajiuliza aliishika ya nini. Lakini mbunge aliyeshika shilingi ya Waziri wa Maji kwa ajili ya mabomba makavu ya Yombo, akairudisha baada ya kupewa mwezi wa kukamilisha, amekuachia kitu cha kumdai.

La pili ni jedwali la marekebisho. Muswada unapofika Kamati ya Bunge Zima, mbunge anaweza kuleta pendekezo la kubadili ibara fulani, kwa maandishi na kwa jina lake. Ni kazi ngumu. Lazima asome muswada, ajue ibara gani inamuumiza nani, na aandike maneno mbadala. Mchango wa dakika kumi unaoanza kwa pongezi na kuishia na “naunga mkono hoja asilimia mia moja” hauna gharama yoyote. Jedwali lina gharama. Kwa tozo ya 2021, hapo ndipo pa kutafuta: nani alileta maneno ya kushusha viwango kabla muswada haujawa sheria, na nani alianza kuhurumia wananchi Julai, makato yalipokwisha kuonekana kwenye simu. Uchaguzi wa 2020 uliipa CCM majimbo yote ya Dar es Salaam, kwa hiyo msimamo wa jiji zima ulikuwa mikononi mwa chama kimoja, na tofauti kati ya mbunge na mbunge ungeiona katika karatasi hizo tu.

Kufuatilia hayo kulizidi kuwa kugumu Januari 2016, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wananchi wakabaki na kipindi cha usiku kilichohaririwa. Hansard ipo kwenye tovuti ya Bunge, ndefu, na kuisoma kwenye simu kunahitaji subira na bando.

Kiu ya kujua haikuisha kwa hilo, wala haikuanza hapo. Februari 2013 John Mnyika, akiwa mbunge wa Ubungo kwa CHADEMA, alipeleka hoja binafsi kuhusu shida ya maji Dar es Salaam. Waziri wa Maji, Profesa Jumanne Maghembe, akatoa hoja ya kuiondoa, ukumbi ukachafuka. Jambo lililogusa kila ndoo ya jiji hili likaisha bila orodha ya kura. Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa hadhara Temeke, wananchi waligawiwa namba za simu za Spika Anne Makinda na Naibu wake, Job Ndugai, na simu hizo zikajaa ujumbe, mwingi wa matusi. Kosa lilikuwa kuwapa watu namba mahali palipostahili majina.

Wenzetu wa Kenya wana majina. Tarehe 25 Juni 2024 Muswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na orodha ilikuwa kwenye simu za watu jioni ileile. Muswada uliishia kukataliwa na Rais William Ruto, ila kabla ya hapo watu waliuawa barabarani na biashara za baadhi ya wabunge zikaporwa. Wanaotetea ndiyo ya pamoja hunitajia uporaji huo kila tunapobishana, na siupuuzi. Lakini Wakenya wengi waliona hawakusikilizwa mpaka kura ya mwisho, na ghadhabu ikamwagikia orodha. Dodoma ingeweza kuanza na jambo dogo zaidi: kura ya majina kwa kila ibara inayoanzisha kodi au tozo mpya, ichapishwe siku hiyohiyo. Mbunge wa Temeke angepata nafasi ya kumweleza wakala wa Tandika kwa nini alisema ndiyo. Sababu nzuri za kusema ndiyo zipo, na wanaozijua huwa hawaoni tabu kuzieleza.