Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini kwa Lugha Ipi?

Msafiri wa basi atokaye Mombasa kwenda Nairobi huiona Taru dirishani kwa dakika chache tu, baada ya Samburu na kabla ya Mackinnon Road: maduka machache, malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, na nyuma yake nyika kavu isiyo na mwisho. Kwetu sisi tuliozaliwa huko, Taru ni nyumbani kwa Waduruma, mahali ambapo maji hufuatwa mbali na heshima ya mzee huhesabiwa kwa mbuzi wake. Kwa hiyo, siku mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipopata kazi ya uuguzi kwa mkataba katika zahanati moja isiyo mbali na hapo, ukoo mzima ulishangilia. Wazee waliikariri methali ya kale: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitabasamu waliposema hivyo, kwani binti mwenyewe alizaliwa papo hapo. Baadaye nilitambua kuwa wazee hawakukosea.

Njia aliyoipita si nyepesi, na yafaa wanafunzi wanaoitamani kazi hii waijue mapema. Miongoni mwa masharti ya kusomea stashahada ya uuguzi nchini Kenya ni kupata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, pamoja na C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Akishaingia chuoni, mwanafunzi hukabiliwa na elimu ya viungo vya mwili, elimu ya dawa, ukunga, afya ya jamii, na hesabu za vipimo ambamo nukta moja ikikaa pasipo pake mgonjwa hupewa mara kumi ya kiasi anachostahili. Kisha huja wodi. Huko hujifunza kushinda amesimama, kuandika kila alitendalo kabla hajalisahau, kupokea karipio la mkubwa wake mbele ya wagonjwa bila ya kutoa chozi, na siku moja, bila ya kuonywa, kumfumba macho marehemu wake wa kwanza. Mpwa wangu aliniambia kuwa usiku huo alikitandika upya kile kitanda, akanawa mikono, akaenda kumpima joto mgonjwa wa kitanda cha pili, kwani zamu ilikuwa haijaisha.

Mwishoni hungojwa mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, maana bila ya kusajiliwa na kupewa leseni hakuna ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Baada ya leseni hungojwa kazi. Tangu huduma nyingi za afya zikabidhiwe serikali za kaunti mwaka 2013, ajira hutegemea mfuko wa kaunti, na mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulidhihirisha jinsi ndoa hiyo ilivyo na misukosuko. Mpwa wangu alingoja mwaka mzima na ushei. Aliyeyavuka hayo yote tungedhani ameiva.

Katika mwezi wake wa kwanza zahanatini alikuja bibi mmoja aliyembeba mjukuu mwenye homa na kifua kilichobana. Binti alimpima mtoto, akatoa dawa ya maji ya kuua vijidudu, akasema kama alivyowasikia wakubwa wake wakisema: "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu, bibi." Bibi aliitikia, akashukuru, akaenda zake. Siku ya tatu alirudi. Mtoto alikuwa amezidiwa, pumzi zake fupi, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta hewa. Alipoulizwa dawa ilitumiwaje, bibi alieleza bila ya kusita: kijiko alfajiri, kijiko jua la utosi, kijiko kabla ya jua kutua. Baada ya hapo hakuna kitu hadi kesho yake. Aliambiwa kutwa, na usiku si kutwa. Mtoto alikimbizwa hospitali kubwa na, kwa rehema za Mungu, akapona. Lakini usiku ule binti alinipigia simu akilia. "Mjomba," aliniuliza, "kosa langu ni lipi?"

Mimi ni mwalimu wa isimu, na swali hilo lilikuwa langu kuliko lilivyokuwa lake. Neno kutwa limetokana na kitenzi kinachoeleza kuzama kwa jua. Kutwa ni muda wa toka kuche hata kuchwe, na ndiyo maana tunapotaka kuutaja mchana pamoja na usiku wake husema kutwa kucha. Kwa kipimo cha lugha, bibi alikuwa sahihi kutushinda sote. Kwenye cheti paliandikwa TDS, kifupisho cha Kilatini chenye maana ya mara tatu kwa siku. Kilatini hicho kilifafanuliwa kwa Kiingereza darasani, Kiingereza kikageuzwa Kiswahili kwenye dirisha la dawa, na Kiswahili kikageuka Chiduruma kichwani mwa bibi. Katika safari hiyo ya lugha nne, zile saa nane zilizotakiwa ziwe kati ya kijiko na kijiko ziliangukia njiani. Siwezi kuapa kuwa neno lile ndilo lililomzidishia mtoto maradhi, kwani ugonjwa una sababu nyingi. Wala siwezi kuapa kuwa halikuchangia.

Mitego ya namna hii ni mingi. Muuguzi aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza, akiharakishwa, humwambia mama aje saa nane ilhali amekusudia saa mbili za asubuhi. Mwanamke wa pwani akisema ana chango, huenda anazungumzia minyoo, na huenda anazungumzia maumivu ya tumbo la uzazi, na dawa ya hayo mawili si moja. Zito kuliko yote ni nyuni. Kwa watu wengi wa pwani hilo ndilo jina la mtukutiko wa watoto wadogo, ambao wengine huuita dege au degedege, na ambao aghalabu huletwa na homa kali, ikiwemo ya malaria. Wako wazazi wanaoamini kuwa nyuni ni jambo la mganga wala si la sindano, kwa hiyo hupitia kwa mganga kwanza. Muuguzi asiyelijua neno hilo hataliuliza, na asipoliuliza hataambiwa. Atakapopata habari, mtoto atakuwa ameshapoteza saa ambazo hazinunuliki.

Msomaji atauliza: binti wa Kiduruma amekosaje kuyajua haya? Hapo ndipo ninapoinamisha kichwa. Aliyemlea ni mimi. Nilimchukua Taru akiwa na umri wa miaka minane nikamleta Nairobi asome. Nyumbani kwangu tulizungumza Kiingereza siku za kazi na Kiswahili siku za wageni. Chiduruma nilikiweka akiba kwa ajili ya makala za kitaaluma. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu viambishi vya lugha hiyo, nikaziandika kwa Kiingereza, na yule bibi hatazisoma kamwe. Wazee walipomwita mpwa wangu mgeni, walikuwa wanamtazama yeye, lakini aliyemfanya mgeni nilikuwa nimeketi nao nikila pilau.

Mwezi wa Julai mwaka 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza uliohitajika, 10 tu ndio waliofaulu. Nchi ilishika kichwa kwa fedheha. Siwalaumu Waingereza hata kidogo. Mgonjwa wa London ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayemwelewa na kueleweka naye. Ninalouliza ni hili: kama mgonjwa wa London ana haki hiyo, wa Taru ameikosea wapi? Ni nani aliyewahi kumtahini muuguzi kwa lugha atakayoitumia kumweleza bibi jinsi ya kumnywesha mjukuu dawa? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, tena inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili. Hata hivyo, Kiswahili kinachomsaidia mwanafunzi kuingia chuo cha uuguzi huachwa mlangoni kama viatu.

Wako watakaosema kuwa wauguzi ni wachache, dawa huadimika, na mishahara huchelewa, kisha mwalimu wa chuo kikuu analeta habari ya maneno. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi, ikatolewa na muuguzi aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi, ikinyweka isivyotakiwa, hasara ni ile ile ya dawa kukosekana. Wala sisemi Kiingereza kiondolewe. Vitabu vya tiba vimeandikwa kwacho, na muuguzi asiyekisoma atabaki nyuma. Nasema kisiwe peke yake.

Kwale ina hospitali ya rufaa Msambweni na tawi la Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, katika mji huo huo. Walimu wa vyuo kama hivyo wanaweza kuanza na jambo dogo: kila mtihani wa vitendo uwe na dakika tano za kumweleza mgonjwa matumizi ya dawa kwa Kiswahili, naye mgonjwa aulizwe ameelewa nini. Walimu wa Kiswahili wa sekondari wanaweza kuwapa wanafunzi insha ya maelekezo ya dawa badala ya insha nyingine ya safari ya mbugani. Nasi wanaisimu tutoke na orodha zetu za istilahi, tukakae kwenye mabenchi ya zahanati tusikilize. Mwanafunzi wa uuguzi naye, awe Mdigo, Mkamba au Mluo, ashike daftari na kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wangu hatumii tena neno kutwa. Alimwendea yule yule bibi, akamwamkia shikamoo, akamwomba amfundishe. Sasa huwaambia akina mama kwa Chiduruma chake cha kusitasita: kijiko mbuzi wanapofunguliwa, kijiko mbuzi wanapotafuta kivuli, kijiko cha mwisho wewe unapokwenda kulala, na si kabla. Kisha humtaka mama ayarudie maneno hayo. Juzi alinipigia simu kuniuliza neno moja la Chiduruma linalohusu maumivu ya mgongo. Nilikuwa nimelisahau. Ilinibidi nimpigie mama yangu.